Sweta la Kurithi: Mavazi ya Wanorwei Kwenye Theluji

Wiki ya Pasaka ikifika, miji ya Norwei hupungukiwa na watu. Treni inayotoka Oslo kwenda Bergen hujaa familia zenye skii, mbwa na mashanta, na kila inaposimama kwenye vituo vya juu kama Geilo na Finse hushusha kundi jingine linalokwenda kukaa kwenye vibanda vya milimani. Finse iko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari na haina barabara ya magari. Mtu hushuka kwenye treni, akafunga skii, akaenda zake. Nchi hii ina utajiri wa mafuta na gesi wa kumvika kila raia wake mavazi ya bei kali. Lakini mtazame mzee mmoja anayeshuka pale: anoraki, koti lake la kuzuia upepo lenye kofia, imepauka mabegani kwa jua la miaka mingi, sweta limetiwa kiraka kiwikoni, soksi ndefu za sufu zimepanda mpaka kwenye suruali inayoishia chini ya goti, na suruali yenyewe huenda ilikuwa ya baba yake. Huyo amependeza. Kwa macho ya wenzake, amependeza kuliko kijana aliyenunua kila kitu dukani juzi.

Hilo ndilo linalonivuta katika mila hii. Wanorwei hupenda kusema kwamba wakiwa mlimani hawajali mavazi. Mimi naona wanayajali mno. Heshima ya nguo wameiweka kwenye kudumu kwake, kwenye mkono ulioifuma, na kwenye idadi ya watu waliowahi kuivaa kabla yako. Mtu anaweza kuwa na fedha za kununua duka zima na bado asiweze kununua sweta la bibi yake.

Kwanza kabisa ni sufu. Nguo ya pamba hunywa jasho ikabaki nalo, na jasho likipoa juu ya mwili katika upepo wa mlimani laweza kumuua mtu. Kwa hiyo watoto hufundishwa mapema: sufu nyembamba kwenye ngozi, sufu nzito juu yake, kisha kitambaa cha kuzuia upepo nje ya vyote. Wapo wanaovaa kwanza fulana ya wavu. Mwaka 1933 Kapteni Henrik Brun alishona nguo ya ndani kwa nyavu kuukuu za kuvulia samaki, kwa kuwa hewa inayotulia ndani ya matundu ndiyo inayolinda joto la mwili. Kampuni ya Brynje inaitengeneza fulana hiyo mpaka leo, na ukimwona mtu ameivaa, bila sweta juu, kwenye jua la Aprili, ujue yuko nyumbani kabisa.

Tena si yote yaliyozaliwa Norwei. Anoraki imetoka kwa Wainuiti wa Greenland. Viatu vya manyoya ya kulungu wa kaskazini, vinavyojazwa nyasi kavu badala ya soksi, ni elimu ya Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Skandinavia. Fridtjof Nansen alipovuka Greenland kwa skii mwaka 1888, wawili kati ya wenzake watano walikuwa Wasami, Samuel Balto na Ole Nielsen Ravna. Sifa za safari ile zimemwendea Nansen zaidi, na naona ni haki kuyataja majina yale kila mavazi ya theluji yanapoitwa ya Kinorwei.

Baada ya sufu huja ufumaji. Katika wilaya ya Selbu, karibu na Trondheim, husimuliwa habari za msichana Marit Emstad, ambaye mwaka 1857 alifuma glavu za rangi mbili, nyeusi na nyeupe, zenye ua la petali nane. Yeye na dada zake walizivaa kwenda kanisani, na waumini wakawa wanatazama mikono yao. Muda si muda wilaya nzima ikawa inafuma, kwanza kwa ajili ya nyumbani, baadaye kwa ajili ya kuuza, na glavu za Selbu zikawa kipato cha wanawake na zawadi ya harusi. Bibi harusi na jamaa zake walifuma jozi kwa jozi ili wageni wasiondoke mikono mitupu. Mtu wa Lamu au Unguja aliyezoea kupima kofia ya vito kwa mshono wake ataelewa haraka: kwa mbali zote zinafanana, kwa karibu mwenye jicho anajua kazi ilichukua muda gani na imetoka kwa fundi wa aina gani.

Sweta lililoshinda yote kwa umaarufu ni la juzi tu. Mwaka 1953 Unn Søiland alichora mfumo wa rangi nyekundu, nyeupe na samawati, rangi za bendera, akichukua mambo kutoka masweta ya zamani ya bonde la Setesdal. Mfumo huo uliuzwa kwa kiwanda cha nyuzi, na picha ya kijitabu chake alipigwa Marius Eriksen, rubani wa ndege za kivita aliyetekwa na Wajerumani wakati wa vita na baadaye akawa mchezaji wa skii na mwigizaji. Sweta likachukua jina lake. Mdogo wake, Stein Eriksen, alikuwa ameshinda dhahabu ya skii kwenye Olimpiki ya Oslo mwaka 1952, naye alivaa sweta alilofumiwa na mama yao, Bitten. Na ubishi juu ya nani hasa ana haki ya mfumo ule, mbunifu au mama, umedumu kwa miaka mingi. Si ubishi mdogo. Nguo inayofumwa nyumba kwa nyumba humfanya kila bibi kuwa fundi wake, na fundi hapendi kuambiwa kwamba kazi ina mwenyewe kwingine. Leo sweta la Marius huvaliwa na mtoto mchanga na mzee, mlimani na mjini, na ni miongoni mwa mifumo iliyofumwa zaidi nchini humo.

Wapo wanaoona mambo haya ya masweta na kofia ni mapambo tu ya kuwafurahisha watalii. Hao wakumbushwe mwaka 1942. Norwei ilikuwa chini ya utawala wa Ujerumani ya Hitler, na watu walianza kuvaa kofia nyekundu za sufu, zile ndefu zenye ncha, kama namna ya kusema bila kusema kwamba hawamtambui mtawala. Mwezi Februari polisi wa Trondheim walitoa amri ya kuzipiga marufuku. Anayeivaa angenyang'anywa na kuadhibiwa, na kwa mtoto wa chini ya miaka 14 wangewajibishwa wazazi. Serikali yenye mizinga na vifaru iliogopa kofia ya kufuma, na haikuwa na makosa kuiogopa.

Wanawake nao wana kesi yao. Mwishoni mwa karne ya 19 walitakiwa kuteleza wakiwa na sketi ndefu zilizoshika theluji na kulowa mpaka magotini, na vilabu vya skii vilikuwa vya wanaume. Mwaka 1889 wanawake wa Kristiania, mji ambao sasa ni Oslo, walianzisha chao, wakakiita Skade, jina la mungu wa kike wa majira ya baridi katika visa vya kale vya huko. Mwimbaji Eva Sars, aliyeolewa na Nansen mwaka huohuo, alitoka na sketi fupi juu ya suruali, akapanda milima pamoja na mumewe. Mabadiliko ya nguo yalikwenda mbele kuliko ya sheria: wanawake waliruhusiwa kuruka kwa skii kwenye Olimpiki mwaka 2014 tu, huko Sochi. Nguo ilikuwa tayari kwa zaidi ya karne moja ikiwasubiri viongozi wa mchezo.

Picha inayopendwa kuliko zote katika historia hii ni ya Desemba 1973. Dunia ilikuwa na uhaba wa mafuta, na Norwei ilikuwa imepiga marufuku kuendesha magari binafsi mwishoni mwa wiki. Mfalme Olav V alitaka kwenda kuteleza kwenye misitu iliyo juu ya Oslo, akapanda treni ya Holmenkollen kama abiria wengine, akiwa na mavazi yake ya skii, amenyoosha mkono wenye nauli. Bila mavazi yale picha isingekuwa na nguvu. Kama angevaa koti la kifalme, ingekuwa picha ya mfalme aliyeshuka kwa watu. Akiwa na nguo za mlimani, alikuwa mmoja wao tangu mwanzo. Kwenye njia za theluji watu wasiojuana husalimiana, jambo ambalo Wanorwei hawalifanyi barabarani mjini, na nadhani mavazi yana sehemu yake katika hilo: yamefuta dalili za nani ni bosi na nani ni karani.

Katika miongo ya karibuni umoja huo umepasuka. Mbio za Birkebeiner, kilomita 54 kutoka Rena hadi Lillehammer, zinakumbuka mashujaa waliomwokoa mtoto Haakon, mrithi wa ufalme, mwaka 1206. Kila mshiriki hubeba shanta la kilo 3.5 kwa ajili ya mtoto yule. Lakini chini ya shanta siku hizi kuna suti ya kubana mwili mzima, na wanaume wa makamo huivaa hata kwenye matembezi ya Jumapili. Wazee wa anoraki hununa. Mimi niko upande wa wazee katika hili, kwa sababu suti ya mbio humfanya kila unayekutana naye kuwa mshindani. Na Machi 2025, mashindano ya dunia ya skii yalipofanyika Trondheim, taifa zima liliona haya: video ya siri ilionyesha suti za warukaji wa timu ya Norwei zikishonwa upya baada ya kukaguliwa, zikitiwa uzi mgumu zaidi kwenye mshono wa kati ya miguu ili zishike hewa na kumpeleka mrukaji mbali. Viongozi wa timu walikiri. Huzuni ile ilikuwa na uzito wa pekee katika nchi iliyojiaminisha kwamba nguo zake za theluji hazisemi uongo.

Kwenye miteremko yenye lifti, Trysil na Hemsedal, sheria ni nyingine. Huko mtu hapandi kwa nguvu zake. Huketi akipandishwa, akapoa, kisha akateremka kwa kasi. Kwa hiyo nguo ni nene, na kwa kuwa kila mtu anaonekana akipita chini ya viti vya lifti, ni nguo za kutazamwa. Vijana wa michezo ya kuruka na kupinduka huvaa suruali pana kupita kipimo na majaketi yanayofika mapajani. Watu wazima huona ni ovyo, lakini kuna hesabu ndani yake: katika mashindano yao majaji hutazama pia namna mtu anavyouchukua mruko, na kitambaa kinachopepea huufanya mwendo uonekane umetulia. Wanaoteleza nje ya njia zilizotengenezwa huchagua machungwa, njano na samawati kali, kwa sababu poromoko la theluji likiwafunika, rangi huwasaidia waokoaji. Ndani ya majaketi mengi hushonwa kipande kidogo kinachoakisi mawimbi ya kifaa cha uokoaji.

Waafrika waliofika kwenye theluji ya mashindano wameleta jibu lao kuhusu mtindo. Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana aliteremka Vancouver mwaka 2010 akiwa na suti ya madoa ya chui. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kulelewa Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye mbio za mteremko huko PyeongChang mwaka 2018. Kabla yao alikuwepo Philip Boit, mwanariadha wa Kenya aliyemaliza wa mwisho, wa 92, katika kilomita 10 huko Nagano mwaka 1998. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikataa kuondoka mpaka Boit afike, akamkumbatia, na sherehe ya medali ikangoja. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mgeni anayekuja peke yake kutoka nchi isiyo na theluji ana haki ya kuvaa chui. Hana kijiji cha masweta nyuma yake cha kumtambulisha.

Na hapa ndipo mila ya kurithi inapoonyesha upande wake mgumu. Familia ya Wakongomani iliyopewa makazi katika mji mdogo wa Norwei baada ya miaka ya kambini Uganda haina dari iliyojaa skii za babu. Shule ya chekechea huwapa wazazi orodha: nguo za ndani za sufu, kofia, glavu jozi mbili, suti nzima ya theluji, vyote vimeandikwa jina la mtoto. Gharama ni kubwa, na mtoto hukua haraka. Kisha huja siku ya skii ya shule, ambapo wenzake wote wamevaa nguo zilizochakaa kwa heshima na yeye ana jaketi jipya la bei rahisi lisilozuia upepo.

Kwa bahati njema, urithi unaweza kupangwa upya ukawa wa wote. Kuna mtandao wa vituo vya kuazima vifaa vya michezo uitwao BUA, ambao umeenea nchini, na kwa kawaida mtoto huazima bure. Hapimwi kipato wala haulizwi ametoka wapi, na wanaokwenda huko ni wa kila aina, wakiwemo Wanorwei wa tangu hapo wasiotaka kununua kitu cha msimu mmoja. Skii anazochukua mtoto wa mkimbizi zina mikwaruzo ya watoto waliotangulia, na akizirudisha msimu ukiisha, zitampokea mwingine, naye atachukua zilizo ndefu zaidi.