Fahamu: Kilichomfanya ndorobo wa Unguja awe tasa, na kinachozuia utasa

Ng'ombe wanaolisha kati ya Tunguu na Jozani hawasumbuliwi tena na ndorobo. Kuanzia 1994 hadi 1997, madume zaidi ya milioni 8 waliofugwa Tanga na kupigwa mionzi ya gama walimwagwa Unguja kwa ndege. Mionzi ilivuruga DNA ya mbegu zao. Majike waliopandwa nao hawakuzaa.

DNA ina adui wa ndani pia: vipande virukavyo, vinavyojipachika popote na kuharibu jeni. Ndani ya korodani na ovari, piRNA, yaani RNA fupi za herufi takriban 24 hadi 31, huviwinda. Huziongoza protini za PIWI hadi kwenye nakala za vipande hivyo, zikazikata. Panya dume wa maabara aliyekosa protini hizo huwa tasa, bila mionzi yoyote.