Mutoto Anayechelewa Kusema, na Kazi ya Mikono

Ninyi wazazi, musimwite mutoto bubu kwa sababu anachelewa kusema. Jina hili linashikamana naye. Watu wa nyumba wakiisha kulizoea, wanaacha kusema naye, na hapo shida inazidi, maana mutoto anajifunza maneno kwa watu wanaosema naye yeye mwenyewe.

Watoto hawalingani. Lakini wengi wakifikisha mwaka 1 wanasema neno moja au mawili, na wakifikisha miaka 2 wanaunganisha maneno: «mama maji», «baba kuja». Kama mutoto wako anachelewa, anza na masikio. Simama nyuma yake, mahali asipokuona, umwite kwa sauti ya kawaida. Kama hageuki, au kama usaha unatoka sikioni, au kama aliugua meninjite, ule ugonjwa wa homa kali na shingo kukazana, umulete hospitali. Usikubali mutu amukate chini ya ulimi huko nyumbani kwa wembe. Kidonda kile kinaweza kutoa damu nyingi na kuingia uchafu.

Kama anasikia vema, umupe kazi ya mikono, nawe ukae chini pamoja naye. Chukua udongo wa kufinyangia, uulainishe kwa maji. Mutoto akibonyeza, sema: «Bonyeza! Bonyeza tena!» Akiviringisha, sema: «Mupira. Mupira mukubwa.» Maneno machache, ya kitu kilicho mikononi mwake saa ile ile. Kisha nyamaza, uhesabu moyoni mpaka kumi. Hii ndiyo sehemu inayowashinda wazazi wengi: wanajibu mahali pa mutoto. Akisema «pila», usimucheke wala usimugombeze. Sema tu, «Ndiyo, mupira,» muendelee.

Wengine wanafikiri kwamba udongo wenyewe unalegeza ulimi. Sivyo. Mutoto aliyeachwa peke yake na udongo mchana kutwa atajua kufinyanga, na maneno yake yatabaki machache. Faida ya kazi ni hii: inashika macho yake mahali pamoja, na neno lako linakutana na kitu.

Baba pia aweza kutengeneza motokari ya mabua ya mahindi. Aisukume na kusema: «Inakwenda, inakwenda, ina...» Aache neno la mwisho. Siku moja mutoto atalimaliza yeye: «...anguka!» Na mama asiyekuwa na nafasi, mwenye shamba na kuni na maji? Anapochambua sombe, mutoto akae karibu, akate majani naye. Robo saa kila siku inatosha kuanza.

Lakini ushanga, maharagi na karanga musiwape watoto wasiofikisha miaka 3. Wanaviingiza kinywani na puani, na kitu kidogo kikiziba njia ya pumzi mutoto anaweza kufa kwa dakika chache.

Wazazi wanauliza pia: tuache Kinande nyumbani, tuseme Kiswahili au Kifaransa tu? Hapana. Lugha mbili hazimucheleweshi mutoto. Sema naye lugha unayoijua vizuri zaidi.

Mutoto wa miaka 2 ambaye haunganishi maneno mawili, umulete tumutazame. Naye aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, wa umri wowote, usingoje: umulete juma hili hili, hata kama anacheza na kula vizuri.