SHULE NI NGOME YA TAIFA

Tarafa ya Busasamana, wilayani Rubavu nchini Rwanda, inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi Juni 2014 askari wa nchi hizo mbili walifyatuliana risasi katika eneo hilo. Kwa hiyo hakuna askari anayehitaji kuelezwa kwa nini mpaka ule hulindwa usiku na mchana. Hata hivyo iko ngome nyingine ambayo bunduki peke yake haiwezi kuilinda. Ngome hiyo ni shule.

Marekani, taifa lenye nguvu kubwa za kijeshi, limepata kuonywa juu ya jambo hilo. Mwaka 1983 tume ya serikali yake ilitangaza kwamba udhaifu wa shule ulikuwa ukilihatarisha taifa zima. Mwaka 2010 Davis Guggenheim alitoa filamu ya maisha halisi iitwayo Waiting for "Superman". Filamu hiyo inawafuata watoto watano ambao wazee wao wanatafuta shule nzuri. Kwa kuwa nafasi ni chache kuliko waombaji, hupigwa bahati nasibu. Mtoto asiye na bahati hurudi katika shule ile ile dhaifu. Wapo waliosema kwamba filamu hiyo iliwalaumu mno walimu na kuusahau umaskini, na hoja yao ina uzito. Lakini mwaka huo huo shirika la Education Trust lilionyesha kwamba karibu kijana mmoja kati ya wanne waliomaliza sekondari na kuomba kuingia jeshini alishindwa mtihani wa kuandikishwa. Cheti alikuwa nacho. Elimu hakuwa nayo.

Rwanda nayo imepata kuona shule ikiwagawa watoto. Mwaka 1973 wanafunzi Watutsi walifukuzwa mashuleni na Chuo Kikuu. Baadaye nafasi za sekondari ziligawiwa kwa kutazama kabila na mkoa wa mtoto, na mkoa wa Gisenyi, ambamo Busasamana ilikuwamo, ulikuwa miongoni mwa iliyopendelewa. Ubaguzi wa namna hiyo uliwazoesha watu kuhesabiana kwa ukoo, na mwisho wake ulikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994.

Milango hiyo sasa imefunguliwa. Mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa elimu ya msingi ya miaka 9, ukaongezwa hadi miaka 12 mwaka 2012. Kuanzia mwaka 2020 yalijengwa madarasa zaidi ya 22,000, wananchi wakishiriki kwa jasho lao. Mwezi Agosti 2022 mishahara ya walimu wa shule za msingi wenye cheti iliongezwa kwa asilimia 88.

Lakini lazima ieleweke kwamba kuingia darasani si kujifunza. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mtoto wa Rwanda angetazamia kusoma miaka 6.9 hadi kufikia umri wa miaka 18, ila maarifa ambayo angeyapata yangelingana na miaka 3.9 tu. Miaka 3 nzima inapotea mtoto akiwa amekaa kwenye dawati! Sababu mojawapo ni lugha. Mwaka 2008 iliamuliwa kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia, hali walimu wengi walikuwa wamesomeshwa kwa Kifaransa, na watoto nyumbani husema Kinyarwanda. Mtoto huweza kuikariri sentensi nzima bila ya kujua maana yake. Tena darasa likijaa mno, mwalimu hawezi kumtambua aliyeachwa nyuma.

Askari na polisi wanahusika moja kwa moja. Kijana asiyeweza kusoma na kupima habari hudanganywa upesi na mchochezi, na makundi yenye silaha hutafuta vijana wa namna hiyo. Kwa hiyo askari aliye mzazi asitosheke kuuliza kama mtoto amekwenda shule. Na afungue daftari, amsomeshe ukurasa mmoja kwa sauti, kisha amwulize maana yake. Ahudhurie mkutano wa wazazi, na amsaidie mwalimu badala ya kumtupia lawama. Naye polisi amwonapo mtoto shambani au njia ya mpakani saa za masomo, na aulize sababu.

Mlinzi mwema huukagua ukuta wa ngome kabla haujabomoka.