Kigae Katika Msingi wa Shule

Katika mwambao wa Kilwa na Lindi, mtu achimbapo msingi wa darasa au shimo la choo, huenda jembe lake likagonga kitu kisicho jiwe: kigae cha chungu, ushanga wa kioo, au sarafu ndogo ya shaba iliyoota kutu ya kijani. Jambo hilo si la ajabu. Pwani hii imekaliwa kwa karne nyingi, na katika karne ya 13 na ya 14 Kilwa Kisiwani ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya biashara katika Bahari ya Hindi. Lakini kigae kilichovunjika kina faida gani, hata ujenzi wa shule usimamishwe kwa ajili yake?

Matabaka ya udongo

Watu wakaapo mahali pamoja kwa muda mrefu, majivu, taka na kuta zilizoanguka hulundikana, na kila kizazi hukanyaga juu ya mabaki ya kizazi kilichotangulia. Kwa hiyo, udongo usipovurugwa, tabaka la chini ni la kale kuliko la juu. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa elimu ya mambo ya kale.

Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani tangu mwisho wa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, aliifuata kanuni hiyo. Vyombo vya Ghuba ya Uajemi vilivyopakwa rangi ya buluu na kijani hupatikana katika matabaka ya chini. Kaure za Uchina hupatikana zaidi katika matabaka ya juu. Aidha, katika matabaka yote, vigae vya vyungu vya kienyeji ni vingi kupita vya kigeni. Hiyo ni mojawapo ya hoja zinazoonyesha kuwa mji huo ulikua kutokana na wenyeji wa pwani wenyewe, wala haukuletwa tu na wageni.

Sarafu mbili, mafunzo mawili

Sarafu za Kilwa hazikuandikwa mwaka. Zina jina la sultani na maneno yenye vina ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Umri wake, basi, hujulikana kwa kutazama vitu vilivyofukiwa pamoja nazo.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za Kiislamu za kaskazini. Dinari hizo zina mwaka, na za mwisho ni za karne ya 11. Miongoni mwa majina yaliyomo katika sarafu za fedha ni Ali bin al-Hasan, jina lionekanalo pia katika sarafu nyingi za shaba za Kilwa. Hapo awali sultani huyo alidhaniwa kuwa aliishi mnamo mwaka 1200. Kwa sababu sarafu zilikaa pamoja, historia ya pwani ilirudishwa nyuma zaidi ya karne nzima.

Kinyume chake, mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Hazikuandikiwa tabaka wala kitu kilichokuwa kando yake. Mpaka leo hakuna awezaye kuthibitisha zilifikaje huko.

Mkaa nao husema

Kipande cha mkaa ni ushahidi pia. Mti ukiwa hai huvuta kaboni 14 kutoka hewani. Ukifa, kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730. Mti uliokatwa miaka 700 iliyopita, siku za kujengwa kwa Husuni Kubwa, umebakiwa na asilimia 92 hivi. Hata hivyo, mkaa uliochanganywa na udongo wa mahali pengine huweza kutoa jibu la uongo.

Wajibu wa shule

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na huagiza kwamba apataye kitu cha namna hiyo atoe taarifa. Kwa hiyo mwalimu asimamishe kazi mahali hapo, asioshe wala kugawa vilivyoonekana, apime kina na umbali kutoka alama isiyohama, achore ramani, kisha aarifu serikali ya kijiji na Idara ya Mambo ya Kale. Wanafunzi wanaweza kushiriki katika kupima na kuchora. Kuchimba wawaachie wataalamu.

Darasa lililochelewa mwezi mmoja litajengwa. Tabaka la udongo likishatupwa pamoja na kifusi, halirudi tena.