Ramani ya Serengeti yatoa somo kwa wenye maghala

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lipo, tena kubwa. Tatizo ni muda unaopotea kulipekua.

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zina mfano wa karibu. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania umechora vijiji vingi kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Wachoraji wa kujitolea hufuata picha za setilaiti. Wenyeji huongeza majina kwa simu. Ramani hizo zimelisaidia shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba salama Mugumu, kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji. Usiku wa kuamkia msimu wa ukeketaji wa Desemba, kuchelewa kukijua kijiji ni hasara isiyofidika.

Ramani hiyo haina safu maalumu kama leja. Kila mahali hubandikwa lebo zake: duka lina jina na saa za kufungua, kisima pengine kina lebo moja tu. Data za namna hiyo, zenye muundo nusu, ni rahisi kuingiza lakini ghali kutafuta. Bila faharasa, kompyuta hukagua rekodi moja moja hadi ya mwisho.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata isiyo na ada ya leseni, ina faharasa iitwayo GIN. Hii huorodhesha chini ya kila lebo rekodi zote zenye lebo hiyo, kama faharasa ya mwisho wa kitabu. Nyingine, GiST, hugawa ramani katika visanduku. Anayetafuta zahanati karibu na Mugumu hapekui Mtwara.

Hata hivyo, faharasa ina gharama. Hula nafasi ya diski, na kila rekodi mpya huchelewa kidogo kuingia kwa kuwa faharasa nayo lazima isahihishwe. GIN ndiyo nzito zaidi kwa uandishi.

Ushauri kwa mwenye ghala Sirari au Mugumu: orodhesha kwanza maswali unayoyauliza kila siku, kama vile nani anadaiwa, gunia lipi limekaa muda mrefu, na mteja yupi anatoka kijiji gani. Yawekee faharasa hayo tu. Kisha wafundishe makarani kutumia neno moja kwa kitu kimoja. Aliyeandika "mahindi" leo na "nafaka" kesho hataokolewa na faharasa yoyote.