Mlo wa Sharubati na Mazoezi ya Viungo: Ufafanuzi wa Aliyeujaribu

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwanafunzi wa uzamili huinama sana, ila aghalabu huinamia meza. Kwa muda wa miaka miwili nimekuwa nikiinamia tasnifu yangu, na matokeo yake yalijidhihirisha kiunoni kabla ya kujidhihirisha kwenye karatasi. Mwezi wa Januari mwaka huu wenzangu wanne walijiandikisha kushiriki mbio za nusu marathoni, yaani kilomita 21 na ushei. Nami nikajitosa pamoja nao nikiwa na uzito wa kilo 80 na wiki kumi za kujiandaa. Katika wiki ya sita, kwa tamaa ya kupunguza uzito upesi, niliamua kuacha chakula na kunywa sharubati pekee kwa siku tano huku nikiendelea na mazoezi. Makala haya yanakusudia kufafanua yaliyotendeka mwilini mwangu katika siku hizo na sababu zake. Aidha, yataeleza kosa nililomtendea mtu mwingine, nalo ndilo lililonisukuma kushika kalamu.

Sharubati ni nini?

Yafaa tuanze na istilahi. Neno sharubati tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kunywa. Katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu husema juisi, na hapana ubaya. Lililo muhimu hapa ni kutenga vinywaji viwili ambavyo watu huvichanganya. Kipo kile kilichokamuliwa na kuchujwa, nyuzinyuzi za tunda zikatupwa, yakabaki maji matamu. Kipo pia kile kizito kilichosagwa pamoja na nyuzinyuzi zake, ambacho vijana wa mjini hukiita smudhi. Tofauti hii si ya majina tu, kama tutakavyoona.

Wazo la kuishi kwa vinywaji hivi kwa siku kadhaa si geni. Mmarekani Stanley Burroughs alichapisha mwaka wa 1976 kitabu kilichopendekeza mlo wa maji ya ndimu, pilipili na utomvu mtamu wa mti uitwao maple kwa siku zisizopungua kumi. Mlo huo ulipata umaarufu upya mwaka wa 2006, mwanamuziki Beyoncé alipoeleza kuwa aliutumia kupunguza uzito kwa ajili ya filamu ya Dreamgirls. Tangu hapo habari zimeenea hadi kwenye vyumba vya mazoezi vya mitaa yetu, ambako mlo wa sharubati husifiwa kwa maneno mawili: hupunguza uzito na husafisha mwili.

Siku nne za bilauri

Ratiba yangu ilikuwa rahisi. Asubuhi nilikunywa bilauri ya machungwa na karoti, saa nne, nanasi na tangawizi, adhuhuri ile nzito ya ndizi na spinachi, alasiri, tikitimaji, usiku, bitiruti na tufaha. Blenda niliiazima kwa jirani. Isipokuwa ile ya adhuhuri, zote nilizichuja kwa kitambaa safi na makapi nikayatupa, bila kujua kuwa nilikuwa nikitupa sehemu iliyo bora.

Siku ya kwanza nilijihisi mwepesi na mshindi. Siku ya pili kichwa kiliniuma tangu asubuhi hadi usiku. Rafiki yangu mmoja aliyewahi kuujaribu mlo huu alinihakikishia kuwa hiyo ni dalili ya sumu kutoka mwilini. Ukweli ulikuwa duni zaidi: nilikuwa nimeacha chai. Mtu aliyezoea vikombe vinne vya chai kwa siku, akiviacha ghafla, huumwa kichwa kwa kukosa kafeini, na maumivu hayo huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Siku ya tatu nilikuwa na hasira isiyo na sababu. Siku ya nne, asubuhi, mizani ilionyesha kilo 77. Nilifurahi mno, nikavaa viatu, nikatoka kukimbia kilomita 10.

Nilipofika kilomita ya sita miguu iligoma. Sikuhisi uchovu wa kawaida bali utupu, na barabara ikaanza kuzunguka. Niliketi kando ya njia karibu na mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Kijana, umekula?" Nilipotikisa kichwa alinipa nusu ya hindi na chumvi kidogo, akakataa malipo. Baada ya kama robo saa niliweza kusimama na kurudi nyumbani nikitembea.

Hesabu ya mwili

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Mtu anapokimbia hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Kwa hivyo mimi, kwa kilomita 10, nilihitaji kama kilokalori 800. Bilauri zangu tano kwa jumla zilinipa kama 700 kwa siku nzima. Mazoezi peke yake yalikuwa yakila zaidi ya kile nilichokitia mwilini, na bado sijahesabu kupumua, kutembea na kuandika tasnifu.

Mwili haufi kwa sababu hiyo, maana una akiba. Akiba ya karibu ni wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli, uitwao glaikojeni, ambao kwa mtu mzima hufikia kama gramu 500. Sasa basi, kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Akiba hiyo ikichomwa, maji yake nayo hutoka. Hapo ndipo penye siri ya mizani: sehemu kubwa ya zile kilo tatu nilizozishangilia ilikuwa maji na glaikojeni, pamoja na utumbo uliobaki mtupu. Nilipoanza kula tena, kilo mbili na zaidi zilirudi katika muda wa siku nne, tena bila kubisha hodi. Na kwa kuwa glaikojeni ndiyo mafuta ya taa ya mkimbiaji, nilikuwa nimekwenda mbioni na kibatari kisicho na mafuta. Kizunguzungu nacho kilichangiwa na jasho, ambalo hutoa chumvi ya sodiamu. Matunda yana potasiamu tele lakini sodiamu ni haba sana. Si ajabu basi kwamba mahindi na chembe za chumvi vilinisimamisha.

Kuna suala la protini pia. Mtu asiyefanya mazoezi huhitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, naye afanyaye mazoezi makali huhitaji kati ya gramu 1.2 na 2. Hesabu yangu ilidai gramu 96 kwa uchache. Sharubati zangu hazikufikisha 15. Misuli ambayo haipati matofali ya kujijenga baada ya mazoezi hubomolewa, na sehemu ya uzito unaopungua kweli huwa ni misuli ile ile tunayoitolea jasho.

Ama kuhusu kusafisha mwili, hapa mwanafunzi wa fasihi anapaswa kuona haya. Kusafisha damu ni sitiari. Damu si kitambaa kinachofuliwa kwa maji ya bitiruti. Kazi ya kuondoa taka hufanywa na ini na figo, mchana na usiku, tukiwa tumekula au tumefunga. Sitiari ikichukuliwa kama maelezo ya kisayansi huzaa madhara. Mathalani, madaktari wamewahi kuripoti wagonjwa ambao figo zao ziliathirika kwa kunywa kwa wingi sharubati za mboga kama spinachi, kwa sababu ya kemikali iitwayo oksaleti.

Tofauti kati ya kukamua, kusaga na kutafuna ilichunguzwa zamani. Mwaka wa 1977 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Haber walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio ambapo watu kumi walipewa matufaha kwa namna tatu: mazima, yaliyopondwa, na maji yake pekee, sukari ikiwa sawa katika zote. Maji yalimezwa kwa kasi mara 11 kuliko matufaha mazima, lakini ndiyo yaliyoshibisha kidogo zaidi. Yaliyopondwa yalikuwa katikati. Aidha, baada ya kunywa maji, insulini ilipanda juu zaidi, kisha sukari ya damu ikashuka kwa kasi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2015, lilihesabu sukari ya sharubati katika kundi moja na sukari ya kwenye chai, na kushauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haimo katika kundi hilo. Mimi nilikuwa nikinywa kama gramu 90 kwa siku nikijiona mcha afya.

Simu kutoka Malindi

Mama yangu anaishi Malindi na amekuwa akiugua kisukari cha aina ya pili kwa miaka tisa. Siku ya kwanza ya mlo wangu nilimpigia simu nikajigamba. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kuwa sharubati husafisha damu. Nje ya nyumba yetu pana mwembe wa ngowe, na msimu ulikuwa umeiva.

Usiku wa ile siku ya nne dada yangu alinipigia. Mama alikuwa amekunywa maji ya maembe mara tatu kwa siku kwa siku tatu, bila kula. Alikuwa na kiu isiyokatika, macho yake hayaoni vizuri, na kifaa cha kupimia sukari kilisoma 19. Vidonge vyake alikuwa ameviacha. Aliagizwa avimeze pamoja na chakula. Na maadamu chakula hakikuwapo, aliona si halali kuvimeze. Alilazwa kwa siku mbili. Muuguzi alimweleza dada yangu kwamba hata angevimeze ingekuwa hatari ya namna nyingine, kwani baadhi ya vidonge hivyo huichochea kongosho itoe insulini, na mgonjwa asipokula sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia.

Nilipompata kwenye simu nilimwomba radhi. "Mwanangu," alisema, "wewe ndiye msomi wetu. Ningejuaje kuwa nawe umeambiwa tu?" Sikuwa na jibu. Usiku huo nilikula ugali.

Baada ya hapo

Sitaki msomaji adhani kuwa naichukia sharubati. Ikiongezwa juu ya chakula ina kazi yake. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter waliwapa wanaume wanane nusu lita ya sharubati ya bitiruti kila siku kwa siku sita. Muda walioweza kustahimili zoezi kali la baiskeli uliongezeka kwa asilimia 16, kutokana na kemikali ya naitreti iliyomo. Lakini watu hao walikuwa wakila. Na tukitaka mfano wa nyumbani, Vincent Onywera na wenzake walichapisha mwaka wa 2004 uchunguzi wa mlo wa wakimbiaji kumi mahiri wa Kenya kwa siku saba. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao, asilimia 76.5, ilitokana na wanga. Vyakula vyenyewe ni vile tunavyovijua: ugali, wali, maziwa, na chai yenye sukari. Hao ndio wanaotuletea medali, nasi tunawapita tukielekea kwa Burroughs.

Kwa wiki nne zilizosalia nilikula milo mitatu kwa siku, nikapunguza chapati za usiku, na matunda nikayatafuna. Ile nzito ya ndizi niliibakiza, ila sasa naitia maziwa na njugu, na huinywa baada ya mazoezi, si badala ya chakula. Nilikimbia mbio zile kwa saa 2 na dakika 14, nikiwa na kilo 78. Mama, ambaye sukari yake imerudi kwenye 8, alinipigia alasiri hiyo. Hakuuliza nilikuwa wa ngapi. Aliuliza nilikula nini asubuhi, nami nikamweleza: uji wa wimbi, ndizi mbili, na chai.