Bunduki Ndogo za Bei Nafuu na Namna ya Kuzitengeneza Nyumbani

Wasikilizaji wetu, kuna maneno mawili yasemwayo sana na watu wapendao bunduki, na yote mawili tumeyasikia mara nyingi. Wa kwanza husema ya kwamba bunduki rahisi haipigi pale ielekezwapo, na aliyeinunua amezitupa fedha zake. Wa pili husema ya kwamba bunduki ndogo zote ni sawasawa, na tofauti yake ni rangi ya mti tu na jina lililochorwa juu ya chuma. Katika mazungumzo haya twataka kuonyesha ya kuwa wote wawili wamekosea, na kwamba kosa la kila mmoja huweza kumletea mtu hasara, na pengine jeraha.

Bunduki tunazozisema ni zile ziitwazo .22, ambazo tundu la mtutu wake lina upana wa milimeta 5.6 hivi. Kiasi chake, yaani risasi pamoja na ganda lake na baruti yake, hakina fataki katikati ya kitako kama viasi vya bunduki kubwa. Dawa ya kuwashia imetiwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe. Sindano ya bunduki huupiga ukingo huo, nao hupondeka, na baruti huwaka. Mfaransa Flobert ndiye aliyeanza shauri hili mwaka 1845, na kiasi kiitwacho Long Rifle, ambacho hutumika kuliko vyote, kilitoka Marekani mwaka 1887. Kwa kuwa ukingo sharti upondeke, ganda sharti liwe laini; na kwa kuwa ganda ni laini, baruti haiwezi kuwa na nguvu nyingi. Ndiyo sababu bunduki hizi hazisukumi bega, mlio wake si mkubwa, na viasi vyake ni rahisi. Lakini udogo usimdanganye mtu. Risasi ile yenye uzito wa gramu 2.6 yaweza kuruka zaidi ya kilometa moja, na kuua yaua.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, natuchukue mfano wa New Zealand. Sungura hawakuwako katika nchi hiyo zamani. Waliletwa na Wazungu katika karne ya 19, wakazaana hata wakawa tauni ya malisho, na kufika mwaka 1876 ilibidi serikali itunge sheria juu yao. Tangu siku hizo bunduki ndogo imekuwa chombo cha shamba huko, kama panga lilivyo kwetu, ingawa panga halihitaji leseni na bunduki yaihitaji. Mwenye kondoo hana haja ya bunduki ya kupendeza macho. Ataka bunduki ya kukaa garini, kuloa mvua, na kumpiga sungura kichwani jioni.

Watu wa namna hiyo ndio walionunua bunduki iitwayo JW-15, iliyotengenezwa China na kuuzwa na shirika la Norinco. Bunduki hiyo haikubuniwa upya. Imefuata mfano wa bunduki ya Brno, iliyofanywa Chekoslovakia, na Brno ilikuwa na sifa njema kwa wawindaji wa nchi nyingi. Marekani ilikataza mwaka 1994 kuingizwa kwa bunduki nyingi za China, lakini New Zealand, Australia na Canada JW-15 iliendelea kuuzwa, kwa bei iliyo chini sana ya bei ya ile iliyoigwa. Mtu akizishika zote mbili gizani, pengine asijue mara moja ipi ni ipi. Mchana atajua.

Basi urahisi huo umetoka wapi? Wengi hudhani umetoka katika mtutu, yaani kwamba chuma ni kibaya na mifuo ya ndani imekwenda kombo. Mara nyingi sivyo. Mifuo hufanywa kwa mashine, na mashine haifanyi kazi mbaya kwa sababu bunduki itauzwa kwa bei ndogo. Kitu cha ghali katika bunduki ni saa za fundi: yule anayekaa na tupa na noo, akiondoa kila ncha iliyoachwa na mashine, akiuchonga mti hata chuma kikae ndani yake bila kubanwa, akaupaka mafuta mara nyingi. Saa hizo ndizo zilizopunguzwa. Kwa hiyo katika bunduki rahisi utaona kingo kali za kukata vidole, komeo lenye kukwaruza, mti laini uliopakwa vanishi kwa nje tu, parafujo zilizokazwa ovyo, na kifyatulio kizito chenye kukwama njiani. Mambo haya, isipokuwa moja, mtu mwenye subira aweza kuyarekebisha nyumbani.

Kabla ya kazi yo yote, toa kisanduku cha risasi, fungua komeo, utazame chumba cha risasi kwa macho na kukipapasa kwa kidole. Viasi viwekwe katika chumba kingine cha nyumba. Hatusemi hili kwa desturi tu.

Kazi ya kwanza ni grisi. Bunduki zisafirishwazo mbali kwa meli hupakwa grisi nzito isiyopenya kutu, nayo huingia hata ndani ya komeo. Mtu asipoiondoa, sindano hupiga polepole, hasa siku ya baridi, na kiasi hakiwaki. Naye hulaumu viasi. Osha chuma kwa mafuta ya taa, ukaushe, kisha upake mafuta mepesi ya mashine, kidogo tu. Halafu kaa barazani ufungue na kufunga komeo mara mia mbili au tatu. Chuma husuguana na kulainika chenyewe, wala hakuna tupa iwezayo kufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Lakini usifyatue bunduki ikiwa tupu kwa kujifurahisha. Katika bunduki nyingi za namna hii sindano, isipokuta ukingo wa ganda, hupiga ukingo wa chumba cha risasi na kuutia kovu, na baadaye maganda hukwama.

Kazi ya pili ni mti, na hapa ndipo faida kubwa ipatikanapo. Mti ambao haukupakwa kitu kwa ndani hunywa maji kama sifongo. Mvua ikinyesha huvimba, ukausukuma mtutu upande mmoja. Jua likiwaka husinyaa, ukauachilia. Mwenye bunduki hushangaa kwa nini juzi alipiga kulia na leo apiga kushoto. Chukua karatasi, uipitishe kati ya mtutu na mti, kutoka mbele kwenda nyuma. Ikikwama, hapo ndipo mti unapougusa mtutu. Zungushia msasa kwenye kijiti cha mviringo, usugue mahali hapo polepole, ukijaribu tena kwa karatasi, hata ipite bila kukwama mpaka karibu na chumba cha risasi. Kisha paka mafuta ya kitani ndani ya mfereji ule, uache yakauke, upake tena, siku kadha wa kadha. Ukirudisha parafujo, tumia bisibisi iliyolingana na mfuo wake, nawe uzikaze sawasawa. Bunduki ambayo parafujo zake zimelegea haitapiga pamoja hata ikiwa ni ya mfalme.

Mdomo wa mtutu ni mahali padogo lakini ni pa neno kubwa, kwa kuwa ndipo risasi iagapo bunduki. Ukingo wake ukiwa na pengo, moshi wa baruti hutoka upande mmoja kwanza na kuisukuma risasi. Zungusha pamba taratibu juu ya ukingo huo. Nyuzi zikinaswa, kuna kasoro, nayo ni ya kupelekwa kwa fundi. Tena wengi huuharibu ukingo huo wenyewe kwa kuingiza mdeki wa chuma kutoka mbele. Ingiza mdeki kutoka nyuma kila iwezekanapo.

Sasa lile jambo moja tulilolitenga: kifyatulio. Ni kizito, kweli, na kishawishi cha kukipunguza ni kikubwa. Ndani ya mtambo kuna jino dogo lenye kuizuia sindano, na uso wa jino hilo ndio ushikao uhai wa watu waliomo nyumbani. Mtu akilipiga tupa mara mbili tatu, kifyatulio huwa chepesi kwa kupendeza. Sisi tulimjua mmoja aliyefanya hivyo, akajisifu kwamba bunduki yake yashinda zile za bei kubwa. Kwa muda wa majuma kadha haikuwa na kosa. Kisha jioni moja alitia kiasi akafunga komeo kwa haraka, na bunduki ikalia yenyewe, hakuna aliyeigusa mahali pa kufyatulia. Risasi iliingia katika mbao za sakafu, hatua moja kutoka alipoketi mtoto wake. Chuma cha juu cha jino lile kilikuwa kigumu, cha ndani laini. Tupa ilikuwa imemaliza kile kigumu, na kilichobaki kikalika siku hata siku. Kwa hiyo twasema waziwazi: safisha mtambo, utie tone la mafuta, na usiende mbele ya hapo. Aliye na fedha za kifyatulio chepesi na ampe fundi aliyesomea kazi hiyo. Na mtu akikupa au kukuuzia bunduki iliyokwisha kutumika, ifungue komeo na kulifunga kwa nguvu, ikiwa tupu; sindano ikianguka, usiinunue.

Mwisho ni kuipima. Weka shabaha umbali wa meta 50, mbele ya kilima cha udongo, ulaze bunduki juu ya mfuko wa mchanga, na upige viasi vitano bila kubadili kitu. Kisha vitano vya kiwanda kingine, na vingine tena. Watu wengi hawaamini tofauti mpaka waione: bunduki ile ile iliyotawanya risasi upana wa kiganja kwa viasi vya namna moja, huweza kuzikusanya penye upana wa sarafu kwa viasi vya namna nyingine, wala si lazima viwe vya bei ya juu. Kila mtutu una chakula chake. Andika katika daftari ni viasi gani na upana gani, na ukitengeneza jambo, tengeneza moja tu kisha upime. Ukitengeneza matatu pamoja hutajua ni lipi lililosaidia. Kichwa cha sungura kina upana wa sentimeta nne hivi. Ikiwa risasi tano hazikai ndani ya upana huo kwa meta 50, sogea mpaka meta 30 upime tena, na zikikaa hapo, basi meta 30 ndiyo mbali ya bunduki yako, na sungura aliye mbali zaidi na aachwe ale majani yake.